Mzigo wa Kwenda Ujiji

Mama yangu alianza kufunga mzigo wa kwenda kwao kabla mimi sijazaliwa, na mpaka nafika darasa la tano alikuwa hajamaliza.

Sisemi hivyo kwa kumcheka. Chini ya kitanda, katika chumba tulichopanga Temeke, kulikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani ambalo sisi watoto tuliliita sanduku la Ujiji. Baba alimwoa mama huko Ujiji alipopelekwa na kazi ya barabara, akaja naye Dar es Salaam kwa treni, na tangu hapo mama hakuwahi kurudi kwao. Kila kitu kizuri kilichopita mkononi mwake alikitia sandukuni kwa ajili ya mama yake: kikombe chenye maua, mche wa sabuni, kitambaa cha kichwa, kichupa cha mafuta mazuri. Halafu maisha yakibana, vitu vinatoka kimoja kimoja. Sabuni tunafulia sare za shule. Kikombe anapewa mgeni wa heshima, kisha kinabaki kabatini. Mama akikitoa kitu husema, "Nitaweka kingine," na kweli anaweka, nacho baada ya miezi kinatoka.

Bibi yangu wa Ujiji nilimjua kwa njia hiyo tu, kwa vitu alivyokuwa apelekewe na havikwenda. Nilimjua pia kwa neno "kwetu." Mama hakuweza kupika bila neno hilo. Kwetu samaki wa migebuka, kwetu mafuta ya mawese, kwetu ukisimama uani unaliona ziwa. Wanawake wa nyumba ile, na ilikuwa nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na ua nyuma, walikuwa wameshamchoka. "Kwenu, kwenu, mbona hatukuoni ukienda?" walimtania. Mama alicheka nao, lakini mimi nilimwona jinsi anavyokoroga chungu ambacho hakihitaji tena kukorogwa.

Basi katika miaka ile ya foleni, alikuja mtu mmoja wa Kigoma aliyekuwa akifanya biashara ya dagaa. Alishuka na magunia yake kwa treni, akafikia Kipawa kwa dada yake, kisha akawa anazunguka mji mzima kufikisha salamu. Alikuwa na salamu za nusu ya watu wa Kigoma waliokuwa Dar, zote kichwani, na kwa kuogopa zisichanganyike alizimwaga mlangoni kabla hata ya kukaribishwa kiti. Kwetu alisimama kizingitini, akasema kwa mkupuo mmoja:

"Mama yako anakusalimu sana, hajambo, ila miguu. Anasema, mwambie mwanangu afanye aje, na akija aje na nguo yangu."

Kisha akaomba maji ya kunywa, akaondoka kwenda kwa mwingine.

Mama alilia. Alilia huku anacheka, na mie na wadogo zangu tulitazamana tusijue tufanye lipi. Kwa bahati zamu yake ya upatu ilikuwa imekaribia, na nauli ya kwenda ikawa imepatikana. Baba alikuwa mtu wa Lindi, mfanyakazi wa bandarini, na maneno aliyatoa kwa kubana. Alisema, "Nenda. Huyu dada yenu anajua kusonga." Yaani mie. Sikujua ugali wangu usio na madonge ndio ungenifanya nibaki.

Mama alianza na nguo. Bibi kaagiza nguo, na kwa mama nguo ya kumpelekea mtu mzima ni khanga, nini tena. Lakini khanga siku zile si kitu cha kuingia dukani na kuchagua. Tulipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, wengine wakaweka mawe wakarudi kulala, na mawe yao yakaheshimiwa kuliko sisi tuliosimama kwa miguu. Mama aliibuka na doti moja, akiwa amekanyagwa vidole lakini uso unang'aa. Maandishi yake yalikuwa ya kumsuta mke mwenza. Bibi yangu alikuwa mjane, hakuwa na mke mwenza wa kumsuta. Mama akasoma, akafikiri, akasema, "Basi atamsuta jirani."

Habari ilipoenea kwamba kuna mtu anasafiri, ikawa shughuli. Mtu akisafiri enzi zile hasafiri peke yake, anasafiri na mizigo ya mtaa mzima, na kumkatalia mtu kifurushi chake ni kumvunjia heshima. Yuko aliyeleta suruali ya kaka yake aliyeko Tabora, yuko aliyeleta daftari za mpwa wake. Jirani wa chumba cha mbele, mwanamke mwema sana ila jiografia ilimpita kushoto, alileta mfuko wa chumvi. Mama akamshukuru kwa mikono miwili, na jirani alipotoka akaniambia, "Chumvi inatoka Uvinza, stesheni chache kabla ya kufika kwetu. Naipeleka chumvi kwao ikasalimie." Siku ya pili mwingine akaleta papa mkavu, kuwapelekea watu wa ziwa. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Sikumbuki wiki nyingine ambayo mama alicheka hivyo, na hata leo nikisikia harufu ya papa mkavu sokoni husimama kidogo.

Nazi ziliingia kwenye kikapu, maana huko kwao nazi ni kitu cha watu wa mwambao. Maandazi yaliyokaangwa yakauke, mayai ya kuchemsha na birika la chai vilitengwa kwa ajili ya njiani. Mama alipanga akapangua. Alikuwa akinyanyua sanduku na kulitua kupima uzito, kisha anatoa gauni lake mwenyewe kuwekea kitu cha mama yake. Mwisho alikuwa anasafiri na gauni moja la kubadilisha.

Vikapu vya wasafiri katika nyumba yetu vilikuwa na mshonaji wake. Katika chumba kidogo cha uani, karibu na jiko, aliishi mwanamke mzee Mmakonde, mwenye chale usoni, aliyekuwa akisuka ukili na kuuza mikeka. Sisi watoto tulimwita Bibi wa Uani. Watoto wake wote walikuwa wametangulia mbele ya haki, na ndugu zake walikuwa mbali, Newala. Yeye ndiye aliyeshona midomo ya vikapu kwa sindano kubwa ya magunia ili visimwagike wala visidokolewe njiani, na alikuwa na utaratibu wake. Hashoni mpaka aambiwe kilichomo.

"Nikishashona hakifunguliwi mpaka huko," alimwambia mama, uzi uko mdomoni. "Usije ukanambia umesahau. Haya, mama yako kaagiza nini?"

"Nguo yake. Nishampatia, doti ile, iko sandukuni."

Sindano ikasimama. "Alisemaje hasa? Kasema nguo yangu, au kasema nguo zangu?"

"Si ni mamoja, mama?"

"Si mamoja. Khanga ni doti, ziko mbili. Mtu mzima akitaka khanga anasema nguo zangu, au anasema khanga, tena anakutajia na rangi. Akisema nguo yangu…" Alinitazama mie niliyekuwa nashikilia kikapu, akapunguza sauti. "Sie watu wazima, nguo yetu ni moja tu, mwanangu."

Mimi sikuelewa. Mama alielewa palepale, na nilimwona akibadilika uso. Ile nguo moja ya mtu mzima ni sanda.

"Huo uchuro!" mama alisema, akasimama. "Mama yangu mzima, ni miguu tu inamsumbua. Yaani nyie mnataka nipande treni na sanda ya mtu aliye hai? Niende nikamfungulie sanduku mbele yake?"

Akakichukua kikapu chake, sindano inaning'inia kwenye uzi, akaingia nacho chumbani.

Mama hakuwa mtu wa kununa, lakini mara ile alinuna kikamilifu. Kwa siku mbili alipita uani bila kumtazama Bibi wa Uani. Shikamoo hakuiacha, maana shikamoo ya mkubwa haiachwi hata ukiwa na hasira namna gani, ila aliitoa akiwa amegeukia ukuta. Na Bibi wa Uani, ambaye naye hakuwa wa kushindwa, aliitikia "Marahaba!" kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Baba alikuwa amesikia yote. Jumamosi baada ya kazi alivaa makubazi yake, akaniambia nifuatane naye, na tukatoka kwa miguu kwenda Kipawa. Hakuniambia tunafuata nini. Tulitembea jua la mchana lote, mie nikiwaza labda tunakwenda kununua dagaa, mpaka tukamkuta yule bwana wa Kigoma akianika mzigo wake juu ya magunia katika ua wa dada yake.

Baba alisalimia, akauliza hali ya biashara, akauliza hali ya watu wa nyumbani, kisha akauliza, "Zile salamu za mama mkwe wangu. Alisema nguo yangu, au nguo zangu?"

Yule bwana alikunja uso. Nilidhani atacheka, mtu mzima katoka Temeke kwa miguu kuulizia kitu kama kile. Hakucheka. Alifungua mdomo kujibu, na wakati huohuo ndege ikapita juu yetu ikishuka uwanjani, kelele zikajaa ua mzima, midomo yake ikacheza tusisikie kitu. Baba alibaki ameinama mbele, mkono sikioni, mpaka mlio wa ndege ukaisha.

"Yangu," alirudia yule bwana. "Nguo yangu. Nakumbuka, maana aliisema mara mbili. Tena alikuwa anacheka."

Tukarudi kwa miguu vilevile. Mama alikuwa chumbani, anafunga kamba ya katani kwenye sanduku kwa majaribio. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua makubazi, akasema, "Kasema yangu."

Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Mama alikaa juu ya sanduku, mikono mapajani. Akasema, "Kumbe ananiita nikamzike." Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya msichana mdogo kabisa, akasema, "Na nisipomwahi?"

Tangu hapo ilikuwa roho juu. Bwana wa dagaa alikuwa anarudi Kigoma kwa treni ya wiki ile na mama alikuwa asafiri naye. Bafta, kitambaa cheupe cha sanda, haikuwepo madukani. Iliyokuwepo ilitolewa kwa barua ya balozi wa nyumba kumi, na barua hiyo ilikuwa ya msiba. Baba akaenda kwa balozi. Balozi hakuwa mtu mbaya, alichukua kalamu na karatasi, akauliza, "Marehemu ni nani?"

"Hajafa," baba akajibu.

Balozi akaiweka kalamu. "Ndugu yangu, ningekuandikia. Lakini sasa nimwandike nani?"

Baba aliporudi na kutueleza, mama hakulaumu mtu. Alirudi kwenye sanduku akaanza kupangua tena, safari hii bila mpango, anatoa kitu anakitazama anakirudisha palepale. Ndipo Bibi wa Uani alipopiga hodi. Hakungoja kukaribishwa. Aliingia akiwa amebeba kitu kimefungwa kwenye khanga iliyochakaa, na chumba kikanuka udi.

"Chukua," alisema. "Niliinunua zamani, mambo bado mazuri. Nguo yangu hii."

Mama alirudi nyuma. "Mama, siwezi kuchukua nguo yako."

"Huwezi nini? Mie niko hapa hapa Temeke. Siku yangu ikifika balozi ataandika barua bila maswali, marehemu ataonekana amelala. Huyo mwenzangu huko kwenu nani atamwandikia? Mpaka kaiagiza Dar, ujue kaitafuta kakosa." Akamtupia mama jicho. "Na usinambie huwezi, wewe uliyekuwa unausalimia ukuta siku mbili."

Mama alimwangukia begani. Nilizoea kuona watu wazima wakilia misibani, wakilia pamoja na kwa sauti. Sikuwa nimeona wawili wakilia hivi, kimyakimya, katikati ya maandazi na kamba za katani. Niliwachukua wadogo zangu nikawapeleka uani.

Mama alifunga mzigo upya usiku uleule. Alianza kuiweka bafta chini kabisa, akaona ni kama anaificha. Akaiweka juu, akaona kila atakayefungua sanduku ataiona. Mwisho aliitia katikati ya zile khanga mbili, kipande kimoja chini na kingine juu, akafunga. Nazi tatu zilitolewa ili sanduku lifunge vizuri, na chumvi ya jirani ikatolewa pia, bila jirani kujua. Tuliitumia karibu mwezi mzima.

Baba alikodi mkokoteni kutufikisha stesheni. Kuhusu stesheni nakumbuka mikono zaidi kuliko watu, mikono inayopokea vifurushi madirishani, maana daraja la tatu mzigo unaingia kabla ya mwenyewe. Baba alitaka kupitisha sanduku dirishani nalo, mama akakataa katakata, akaingia nalo mlangoni akisukumana na watu, akakaa amelipakata. Bwana wa dagaa alikaa pembeni yake, tayari ameshaanza kula mayai yetu.

Mama alitoa kichwa dirishani akanipa maagizo. Mdogo wako akikohoa, mafuta yako kwenye kichupa. Taa usiijaze sana. Baba yako asile kiporo. Nilisema ndiyo kwa kila kitu. Nilichotaka kusema ni kwamba asiende, au anichukue, mojawapo. Nilimwonea wivu bibi ambaye sikuwahi kumwona, mzee wa watu anayesubiri kufa, kwa sababu alikuwa anampata mama yangu. Treni ilipoanza kwenda mama alipunga mkono mmoja, mwingine uko kwenye sanduku.

Nilipofika nyumbani nilishika fagio. Chumba kilikuwa kimejaa nyuzi za katani na makombo ya maandazi, na nilitaka baba aone kwamba nyumba ina mtu. Bibi wa Uani alinipokonya fagio kwa nguvu.

"Unamfagia mama yako?" aliniuliza. "Msafiri hafagiliwi mpaka afike."

Basi hatukufagia. Tuliishi na zile nyuzi, tunazikanyaga, usiku zinatuchoma miguuni, na mimi nilizitazama nikaona kwamba hapa ndipo alipokaa, hapa alikata kamba kwa meno. Baba naye alizipita kwa uangalifu, hakuzisogeza hata moja. Kisha ikaja simu ya maandishi, baba akatusomea: NIMEFIKA MAMA MZIMA. Akaigeuza karatasi nyuma, hakuna kitu. Akasema hajui mama aliye mzima ni yupi, wetu au wa kwao, ila vyovyote iwavyo ni habari njema. Nikaenda kufagia, na nilipomaliza nyumba ikawa kubwa na tupu.

Mama alirudi zaidi ya mwezi baadaye, mweusi wa jua, amenenepa, na debe la mawese. Alitusimulia akiwa bado hajavua viatu.

"Nimelia toka Pugu mpaka Tabora," alisema. "Watu behewa zima wananipa pole. Nafika nyumbani, namkuta anapepeta mchele! Ananiuliza, mbona umevimba macho?"

Bibi alikuwa mzima wa kutosha. Miguu ilimuuma, lakini kufa alikuwa hafi leo wala kesho. Alichotaka ni kuwa na nguo yake tayari, kama wenzake wa rika lake walivyokuwa nazo, na kukosa kwake kulikuwa kumemnyima usingizi. Khanga moja aliitupia begani papo hapo, na siku ya pili akaivaa doti nzima, na maandishi yake ya kusuta, kwenda kwa jirani. Bafta aliifungua taratibu. Aliipima kwa mkono wake, akainusa, akasema, "Hii imekaa na udi wa mtu." Mama akamweleza. Bibi akaikunja vilevile ilivyokuwa, akasema, "Mwambie nitamshukuru mwenyewe tukionana."

Mama alizipeleka salamu hizo uani siku ileile, na Bibi wa Uani alicheka mpaka akafuta machozi. "Asinicheleweshe," alisema.

Ungedhani baada ya hapo mama alitulia. Kamwona mama yake, kampelekea alichoagiza, kamwacha mzima. Haikuwa hivyo. Kabla ya safari ile alikuwa anaitamani sehemu aliyoiacha akiwa bado msichana. Sasa alimtamani mtu aliyemwacha akiwa na mvi na miguu inayouma, amesimama uani na khanga mpya. Sanduku lilirudi chini ya kitanda na likaanza kujazwa upya, kikombe, sabuni, kitambaa. Neno "kwetu" alilipunguza. Nilipomuuliza kwa nini, alisema akilisema sana linamkaba.

Nauli zilipanda, baba akaugua mgongo, wadogo zangu wakaingia shule. Kila mwaka safari ilikuwa ya mwaka ujao.

Bibi wa Uani alifariki mimi nikiwa nimeshaolewa naishi Tabata. Nilikuta balozi ameandika barua, bafta imepatikana kabla ya saa sita mchana, kama alivyosema mwenyewe. Mama ndiye aliyemwosha. Alifunga mlango wa chumba kile kidogo na wanawake wawili wa kumsaidia, akatoka baadaye mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, akakaa juu ya mkeka ambao Bibi wa Uani alikuwa hajaumaliza. Alimlilia vizuri. Watu waliotoka mbali walidhani ni mtoto wa marehemu, wakampa mkono wa pole kama mfiwa, na yeye akaupokea.

Habari za Ujiji zilikuja miaka miwili hivi baada ya hapo, na zililetwa na bwana yuleyule wa dagaa, sasa mzee, anayetembea polepole. Safari hii hakuzisema mlangoni. Aliingia, akakaa, akaomba tukae sote. Bibi alikuwa ameshazikwa, na arobaini ilikuwa imepita.

Mama hakupiga ukelele. Aliuliza, "Walimvika nini?"

"Nguo yake alikuwa nayo," alisema yule bwana. "Ilitolewa sandukuni kwake."

"Nani alimwosha?"

"Majirani."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akainuka akambandikia mgeni chai, akamtilia sukari ambayo alikuwa ameiweka akiba.

Walipokuja kuhani, wanawake wa mtaa walimfariji kwa kila namna. Wengi walisema jambo moja, kwamba Mungu hamtupi mja wake, kwamba alimwosha mzee wa watu kwa mikono yake na huko nako watu wa Mungu wakamwoshea mama yake, kwa hiyo aridhike. Mama aliwasikiliza kwa adabu, akawapa asante zao. Hata mimi niliona lina maana, na nilikuwa karibu kulisema.

Baba alingoja watu wapungue. Mgongo wake ulikuwa mbaya siku hizo, alisimama ameshika fremu ya mlango. "Nenda hata ukalione kaburi," alimwambia. "Nauli nitaitafuta."

"Nikifunga mzigo, namfungia nani?" mama akamjibu.

Baba alitoka uani akakaa peke yake. Nilibaki na mama chumbani, nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi. Nikaanza kumwambia yale ya wanawake, kwamba alivyomfanyia Bibi wa Uani ndivyo naye alivyofanyiwa. Hakuniacha nimalize.

"Bi mkubwa yule nilimpenda, Mungu ananiona," alisema. "Lakini mwanangu, mimi nilikuwa na mama yangu."